Gunia Moja, Sufuria Ndogo: Mwongozo Kamili wa Kulima Mboga na Kujipikia Ukiishi Peke Yako Nairobi

Kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, kulikuwa na vitunguu vitatu, pakiti moja ya unga na nusu mtungi wa gesi. Siku kumi baadaye, 6 Aprili, Nairobi ikafungwa kabisa: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mabasi ya abiria yalisimama, na pamoja nayo ukasimama ule mfuko ambao mama alikuwa akinitumia kutoka Kitale kila mwisho wa mwezi: kunde kavu, managu (mnavu) yaliyofungwa kwa gazeti, mayai yaliyofukiwa ndani ya unga yasivunjike njiani.

Ikabidi nilime kwenye balkoni, na nijipikie kila siku. Shida ya kwanza niliyokutana nayo haikuwa udongo wala moto. Ilikuwa kipimo. Ushauri wetu wote wa kilimo na upishi ni wa familia: gunia la mboga huhesabiwa kwa watu wengi, na mama yangu hajawahi kupika maharagwe yasiyojaza sufuria. Mwongozo huu ni wa mtu mmoja, mwenye balkoni moja au kona ya paa, na meko ya gesi ya kilo 6.

Hesabu kabla ya mbegu

Aprili hiyo nilinunua miche 40 ya sukuma kwa sababu muuzaji alikuwa ameifunga hivyo na bei ilinilegeza. Nikaipanda yote siku moja. Kufikia katikati ya Juni nilikuwa nakula sukuma asubuhi na jioni, na bado majani yalikuwa yakigeuka manjano shinani. Mama mboga wa chini ya ploti yetu, jengo ninalopanga, akaniona nikipita bila kusimama wiki ya pili mfululizo.

"Kastama, siku hizi umenihama?"

"Sijakuhama, mama. Nimepanda kidogo tu huko juu."

"Kidogo? Mimi nikiinua macho naona shamba!" Akacheka, kisha akaniambia kitu ambacho ningeambiwa Aprili kingeniokolea pesa. "Sukuma usinishindanie. Panda dania. Dania ya shilingi kumi wewe unatumia vijiti viwili, hiyo ingine inaoza."

Ndiyo kanuni ninayoifuata mpaka leo. Panda kile unachohitaji kidogo kidogo na kibichi. Nunua kile kinachodai nafasi na muda. Nyanya, kabeji, karoti na viazi nunua. Nyanya hasa inataka miti ya kuegemea na miezi mitatu ya subira, na mvua za Aprili zikizidi, majani yanapigwa na ugonjwa wa ukungu unaoyageuza meusi kabla hujala nyanya hata moja. Panda dania, vitunguu vya majani, terere (mchicha), kunde za majani, spinachi kidogo, na sukuma kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mlo wa mtu mmoja ni majani 6 makubwa ya sukuma. Ukila mara tatu kwa wiki, hayo ni majani 18. Mche uliokomaa hutoa majani mawili au matatu kwa wiki bila kudhoofika. Miche 8 inatosha. Ongeza minne ya spinachi na gunia limejaa.

Tafuta jua, kisha ruhusa

Mboga za majani zinataka angalau saa tano za jua kwa siku. Kabla ya kununua chochote, kaa nyumbani siku moja (wakati ule haikuwa vigumu) na utazame jua linagusa wapi saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Kisha kumbuka kwamba Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hivyo jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Tangu mwisho wa Machi hadi Septemba hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini. Balkoni inayotazama kaskazini huwa na mwanga Juni na kivuli Desemba, na ile ya kusini kinyume chake. Inayotazama mashariki ndiyo bora, maana hupata jua la asubuhi karibu mwaka mzima bila ule ukali wa alasiri.

Zungumza na keateka, mwangalizi wa jengo, mapema. Wangu hakujali mboga. Alichouliza ni maji yatashuka wapi. Sikumsikiliza. Wiki ya pili maji mekundu yalitiririka kutoka guniani hadi kwenye shuka nyeupe za jirani wa orofa ya chini, na hivyo ndivyo nilivyolijua jina lake. Weka karai pana chini ya gunia kabla hujalijaza, na lisogeze gunia karibu na ukuta, si kwenye ukingo wa balkoni, kwa sababu ya uzito.

Udongo

Ukiwa Umoja, Embakasi au South B, ardhi ya chini yako ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi wakati wa mvua. Ndani ya gunia ni mbaya zaidi: maji hayashuki, mizizi inaoza. Tafuta udongo mwekundu. Watu wa mikokoteni wanaouleta kwa maua ya watu watakuuzia kwa debe ukiwauliza. Usichote karibu na gereji, barabara kubwa wala mahali palipotupwa taka. Oili na betri kuukuu huacha sumu ambayo kuosha jani hakuiondoi.

Mbolea ya ng'ombe au mbuzi iliyooza ndiyo salama. Iliyo tayari haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na humomonyoka kama udongo. Ya kuku ni kali: ikiwa mbichi huunguza mizizi, na miche hukauka kuanzia ncha za majani ukidhani ni kiu.

Gunia la kilo 50 lililojazwa robo tatu linahitaji madebe 3 hivi: mawili ya udongo, moja la mbolea. Achana na gunia la kilo 90. Likijaa na kulowa huzidi kilo 100, na ukigundua jua limehama hutakuwa na wa kukusaidia kulisukuma.

Kujaza gunia, hatua kwa hatua

Changanya udongo na mbolea kwenye karatasi ya nailoni, kwa mikono, mpaka rangi iwe moja. Kunja mdomo wa gunia kuelekea nje, liweke mahali pake pa kudumu ndani ya karai, kisha tia udongo kiasi cha kina cha kiganja.

Chukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliokatwa kitako, usimamishe katikati na uujaze mawe madogo au kokoto. Zungushia udongo pande zote mpaka ukaribie mdomo wa mkebe. Sasa vuta mkebe taratibu juu. Mawe yanabaki yamesimama kama nguzo. Jaza mkebe tena mawe, zungushia udongo, vuta. Rudia mpaka juu. Nguzo hii ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, juu kutakuwa tope na chini vumbi, na miche ya chini itakufa huku wewe ukiamini umemwagilia.

Mwagilia, kisha acha gunia kwa siku tano hadi saba, ukiongeza maji kila siku. Udongo utashuka; ongeza mwingine. Hapo ndipo utoboe matundu ubavuni, upana wa vidole vitatu, safu mbili za matundu manne, safu ya chini ikipishana na ya juu kama matofali ukutani. Ukitoboa kabla udongo haujatulia, matundu huhama na shingo za miche hubanwa.

Panda jioni. Ingiza mzizi ukiwa umenyooka, shindilia udongo kwa kidole, na kama tundu linavuja, bandika kipande cha nailoni kuzunguka shina. Sukuma nane ubavuni, spinachi nne juu. Miche italegea siku mbili za kwanza. Usiogope, na usiizamishe kwa maji kwa huruma.

Mikebe, mabeseni na kupanda kwa zamu

Vingine vyote havihitaji gunia. Mtungi wa lita 5 uliokatwa ubavu, beseni lililopasuka, ndoo isiyo na mkono: toboa kitako kwa msumari wa moto, tia mchanganyiko ule ule.

Dania kwanza, maana ndiyo inayowashinda wengi. Kila punje ni mbegu mbili zilizoshikana. Zibingirishe chini ya chupa, taratibu, zigawanyike bila kusagika, uziloweke usiku mmoja, kisha upande kina cha nusu kidole. Zitaota baada ya wiki moja hadi mbili. Hata dania ya viungo kutoka dukani mara nyingi huota. Usizihamishe, dania ikisumbuliwa mizizi, au ikipata joto jingi, hukimbilia kutoa maua.

Mbegu za terere ni ndogo kama chembe za mchanga. Changanya kijiko kidogo na mchanga mkavu wa kiganja kimoja, nyunyiza, funika kidogo sana. Baada ya siku nne hivi utaona wekundu juu ya udongo. Wiki ya tatu anza kung'oa zilizosongamana, hizo ndizo mboga yako ya kwanza, na zilizobaki zikatwe vichwa ili zitoe matawi.

Kunde ni zile zile za kupika. Panda kumi, chuma majani machanga kuanzia wiki ya nne. Vitunguu vya majani ni rahisi hata kuona aibu kuviandika: nunua fungu, kata ukiacha sentimita tatu zenye mizizi, chomeka udongoni, na baada ya siku kumi unakata tena.

Siri ya mtu mmoja ni zamu. Usimalize pakiti ya mbegu siku moja. Terere nusu beseni leo, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Dania mtungi mmoja kila wiki tatu. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa chombo, kwa sababu siku za kufungiwa ndani hufanana na utasahau.

Maji na wadudu

Mifereji ya Nairobi ina siku zake, kwa hivyo gunia lishibe maji yaliyokwisha kufanya kazi: ya kuosha mboga, ya kuosha mchele, ya kulowekea maharagwe. Ya kufulia yenye sabuni nyingi, hapana, na yenye dawa ya kuondoa madoa, kamwe. Mwagilia asubuhi, kwenye nguzo ya mawe. Kipimo ni kidole: kikiingia mpaka kiungo cha pili na kutoka kikiwa na udongo uliogandamana, subiri kesho. Juni hadi Agosti, na lile wingu letu la baridi, siku mbili zinaweza kupita bila kuongeza tone.

Vidukari watakuja. Hukaa chini ya majani ya sukuma, kijivu, wameshonana kama unga uliomwagika. Geuza majani kila Jumamosi. Wakiwa wachache, wafute kwa kidole chenye maji. Wakizidi, koroga kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza chini ya majani jioni, suuza asubuhi. Viwavi waokote kwa mkono. Jani lililofunikwa kabisa litupe. Kuling'ang'ania ni kuwafuga. Ndege wanaodonoa miche huzuiwa na kipande cha pazia la neti.

Maganda ya mtu mmoja hayatoshi kutengeneza mboji, lakini yatakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, tabaka la maganda, tabaka la udongo, mpaka yaoze. Nyama na mafuta yasiingie. Majani ya chai yetu ya maziwa yasuuzwe kwanza. Mimi sikuyasuuza, na nzi wa ploti nzima wakahamia kwangu.

Kuchuma na kupika siku hiyo hiyo

Chuma kwa mkono, jani la chini kwanza, ukilivuta kwa upande litoke na kikonyo chake chote. Kila mche ubaki na majani manne au matano juu. Chuma maji yakiwa tayari jikoni. Hii ndiyo faida pekee ambayo mama mboga hawezi kukuuzia. Sukuma iliyochumwa dakika kumi zilizopita haihitaji kuchemshwa sana: kitunguu nusu, nyanya moja, kijiko cha mafuta, majani yaliyokatwa membamba, chumvi, dakika nne, epua ingali kijani.

Ugali wa mtu mmoja: kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, unga kikombe kimoja na kidogo, ukiutia kwa awamu huku ukisonga. Tumia sufuria ndogo kabisa yenye mkono. Kwenye sufuria kubwa unga huo hutawanyika, chini hukauka, na unakula ukoko.

Managu sikuwa na yangu mwaka huo, nilinunua, lakini niliyapika nikiwa na mama kwenye simu iliyoegemezwa mkebe wa sukari.

"Mama, yamekuwa machungu."

"Ulimwaga maji ya kwanza?"

"Sikumwaga."

"Basi kula hivyo hivyo, baba. Kesho uchemshe, umwage, utie maziwa, uyaache moto mdogo mpaka yanywe."

Yanywe maziwa, alimaanisha. Dakika 10 za kuchemsha, maji yamwagwe, kisha nusu kikombe cha maziwa na moto wa chini mpaka yakaribie kukauka. Uchungu unabaki, ila unakuwa wa kirafiki.

Siku ya maharagwe

Hapa ndipo gesi huisha au hudumu. Kupika maharagwe ya mlo mmoja ni kuichoma pesa. Kupika sufuria ya mama yangu bila friji ni kula siku nne na kumwaga siku ya tano. Kipimo changu ni nusu kilo, mara moja kwa wiki, bakuli tano au sita.

Chambua, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo guniani. Tia maji mapya na uchemshe kwa nguvu dakika 20. Usipunguze hapo: maharagwe mekundu yasiyochemka barabara yana sumu inayosokota tumbo. Kisha funika, epua, viringisha sufuria kwa blanketi nzito na uiweke ndani ya katoni iliyojazwa nguo kuukuu. Baada ya saa tatu au nne irudishe motoni ichemke tena mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili. Ni kazi ya saa nyingi, lakini meko huwaka kidogo tu. Nyanya usitie mpaka yaive. Uchachu wake huyafanya yabaki magumu, na utalaumu maharagwe ya zamani bure.

Yakiiva, gawa siku hiyo hiyo. Mwenye friji atie bakuli mbili za kesho, nyingine zigandishwe kwenye mikebe ya maziwa lala au siagi. Asiye na friji apike robo kilo, ayachemshe upya asubuhi na jioni, na yasizidi siku mbili. Bakuli moja utakaanga kwa dania na kula na chapati. Nyingine changanya na mahindi yaliyochemshwa, iwe githeri, utie terere dakika tatu kabla ya kuepua. Nyingine ponda na viazi viwili na majani ya kunde. Ndengu zinafaa wiki ambayo umesahau kuloweka, hazihitaji. Wali ule uliobaki usiulaze juu ya meza. Pika wa kumalizika.

Kuhusu chapati: kuchafua meza, kibao na kaango kwa chapati mbili ni upuuzi. Nilikuwa napika sita Jumapili. Mbili zangu, mbili za kesho, mbili zinashuka orofa ya chini kwa mwenye shuka.

Gunia likizeeka

Baada ya miezi sita au zaidi mashina ya sukuma hurefuka na majani huwa madogo. Ubavuni hutokea vichipukizi. Vikifika urefu wa kidole, vikwanyue na kipande kidogo cha gamba, vichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini, na baada ya wiki mbili hivi vina mizizi. Mwaga udongo wa gunia, toa mizizi ya zamani, ongeza nusu debe la mbolea, na mahali palipokuwa na sukuma weka kunde au terere kabla ya kurudia.

Tarehe 7 Julai barabara zilifunguliwa, na mwisho wa mwezi huo mfuko wa Kitale ukanifikia. Ndani, kati ya mayai, mama alikuwa amefunga mbegu za saga (mgagani) kwenye kipande cha gazeti. Zilichukua muda kuota. Vichipukizi vya sukuma nilivigawa ploti nzima. Wa mwisho kuvichukua alikuwa mama mboga, viwili tu, vya nyumbani kwake, alisema, si vya biashara. Kisha akanipimia nyanya za shilingi kumi.